Kuokota, Kupakia, Kukamata: Historia ya "Panda Gari" Nakawa

Katika Kiingereza kuna kitenzi ambacho kila mwanafunzi wa Uganda hukutana nacho mapema: "pick up". Ukikitafuta katika kamusi utakuta safu nzima ya maana. Ni kuokota kitu kilichoanguka. Ni kupokea simu. Ni kumpitia mtu na kumchukua kwa gari. Ni kujifunza lugha kwa kusikiasikia, bila mwalimu. Ni mgonjwa kupata nafuu, au biashara kuchangamka baada ya kudorora. Ni polisi kumkamata mshukiwa. Hata gari lenye sehemu ya wazi ya mizigo nyuma limepewa jina hilo, na sisi tukalipokea kama pikapu.

Kiswahili hakikusanyi maana hizo zote katika neno moja. Kina okota, pokea, pitia, chukua, pakia na kamata, kila moja mahali pake. Hata hivyo, anayeisoma historia ya Nakawa ataona kwamba maana tatu kati ya hizo zimekutana hapa: kuokota lugha, kupakia abiria na kukamata watu. Zimekutana katika maneno mawili ya Kiswahili ambayo Waganda wengi wa makamo na wazee wanayajua hata kama hawajui Kiswahili kingine: panda gari. Insha hii inajaribu kueleza maneno hayo yalitoka wapi, yalitumikaje, na kwa nini yanatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili Uganda leo. (Hapa ninasema Waganda kwa maana ya raia wote wa Uganda, na Baganda kwa maana ya watu wa Buganda.)

Lugha iliyookotwa

Nakawa iko mashariki mwa Kampala, kando ya barabara ya Jinja. Leo ni jina la tarafa moja kati ya tano za jiji, na ndani yake mna Naguru, Ntinda, Kyambogo, Bugolobi, Mbuya, Luzira na bandari ya Port Bell. Wanaopita njiani huijua zaidi kwa soko lake na kwa chuo cha biashara cha Makerere kilichopo hapo.

Kiswahili kilifika Buganda kabla ya ukoloni. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II mwaka 1844, na mwanawe, Mutesa I, alikifahamu Kiswahili. Wamishonari wa kwanza waliotoka Uingereza walianza kazi yao kwa kutumia Kiswahili kabla Luganda haijaandikwa vitabu. Lakini Kiswahili kilichoenea Nakawa hakikutoka ikulu wala kanisani. Kilipitia kambini, kituo cha polisi, relini na katika nyumba za wafanyakazi.

Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na kilikusanya askari kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Watu wa makabila mengi namna hiyo walihitaji lugha moja ya amri, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Reli nayo ilileta vibarua, makarani na mafundi kutoka kila upande. Ilipofika Kampala mwaka 1931, ilikuta Kiswahili kimekwisha kuwa lugha ya kazi.

Shuleni mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga pendekezo hilo. Baganda wengi waliogopa kwamba Kiswahili kingeidhoofisha Luganda na kuivuta Uganda karibu na Kenya ya walowezi, na makanisa mengi pia hayakukitaka. Kiswahili kikashindwa shuleni, kikabaki jeshini na polisi. Kuna jambo la kushangaza katika historia hii: mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamishia ofisi yake Makerere, kilomita chache tu kutoka Nakawa. Hapo ilishughulikia Kiswahili sanifu kwa miaka kumi hivi, ilhali watoto wengi wa Uganda hawakukisoma darasani.

Waliokijua walikiokota. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kupanga kwa wafanyakazi Waafrika katika mitaa ya Nakawa na Naguru. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti wake humo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1969 kinaonyesha mtaa wa majirani wa makabila mengi. Kulikuwa na Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, Waacholi, Walango, Wateso na Baganda. Katika mtaa wa namna hiyo mtu hawezi kusubiri mwalimu. Anahitaji kuomba chumvi, kugombana kuhusu foleni ya bomba na kumwita mwenzake kazini. Kiswahili kilifanya kazi hiyo kwa sababu hakikuwa mali ya kabila lolote pale.

Utafiti mkubwa wa lugha za Uganda uliochapishwa mwaka 1972 ulikadiria kwamba asilimia 35 ya watu waliweza kuzungumza Kiswahili, na kwamba wanaume waliokijua walikuwa wengi sana kuliko wanawake. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Kiswahili kilikuwa lugha ya mahali ambapo wanaume walikwenda: kambini, kiwandani, garini. Mwanamke aliyebaki kijijini alikutana nacho pale tu kilipomjia mlangoni, na mara nyingi aliyekileta alikuwa amevaa sare.

Maana za panda

Kiswahili cha kuokota kina alama zake. Ngeli hupungua, viambishi hudondoka, na amri hufupika. Mtu husema "kuja hapa" badala ya "njoo hapa", na hueleweka. Tukiichunguza amri yetu ya panda gari tutaona alama hiyo hiyo. Anayewaamrisha watu wengi katika Kiswahili sanifu husema "pandeni". Lakini maneno yaliyobaki katika kumbukumbu ya Waganda ni "panda", kwa umoja, hata pale ambapo walioambiwa walikuwa mtaa mzima. Huenda askari alimwambia kila mtu peke yake. Huenda pia kile kiambishi cha mwisho, ambacho hutuambia kwamba msemaji anawaona watu mbele yake kuwa wengi, kilikwisha dondoka kambini zamani.

Kitenzi chenyewe si kikali. Mtoto hupanda mti, msafiri hupanda mlima, bei hupanda sokoni, hasira hupanda. Mtu hupanda punda, baiskeli, meli, ndege. Kuna panda nyingine, ambayo wenye kamusi huiandika kama neno la pekee, ya kutia mbegu ardhini. Kuna pia panda ambayo ni nomino, ile ya tawi linalogawanyika, nayo ndiyo iliyotupa njia panda. Ukimwambia mgeni "panda gari" kwa sauti ya kawaida, umemkaribisha. Ni maneno ya utingo kwa abiria. Kwenye barabara ya Jinja pale Nakawa, ambapo mabasi madogo hushusha na kupakia tangu alfajiri hadi usiku, hakuna kitendo cha kawaida kuliko hicho.

Katika Luganda kitenzi cha kupanda gari ni "okulinnya", nacho pia hutumika kwa kupanda mlima na kwa bei kupanda. Baganda kwa hiyo hawakukosa neno lao. Lakini walipotaka kulitaja jambo lililowapata mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakulitafsiri. Waliliita kwa maneno yale yale waliyoyasikia: panda gari. Yakawa nomino. Mtu husema kwamba fulani alichukuliwa katika panda gari, au kwamba panda gari ilipita katika mtaa huu mwaka fulani. Ni mara chache amri hugeuka kuwa jina la kipindi cha historia.

Lori la alfajiri

Hofu ya kuchukuliwa kwa gari haikuanza na maneno hayo. Idi Amin, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946, alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Katika utawala wake watu wengi walikamatwa na maofisa waliovaa kiraia, baadhi yao wakatiwa kwenye buti za magari mchana kweupe na wasionekane tena. Ofisi ya ujasusi iliyokuwa Nakasero ilijulikana kwa mateso. Ni Amin huyo huyo aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973. Lugha iliyokataliwa na wazee wa mwaka 1929 sasa ilipandishwa cheo na mtu ambaye wengi walimwogopa. Si ajabu kwamba cheo hicho hakikuwavuta watu kuipenda.

Kisha lugha hiyo hiyo ikaja na ukombozi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Watu walitoka barabarani kuwashangilia askari waliozungumza Kiswahili. Kwa muda mfupi Kiswahili kilikuwa sauti ya watu waliomwondoa Amin.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 10 Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi, na Milton Obote akarudi madarakani huku wapinzani wakisema kura zimeibwa. Hapa Luganda inatupa jambo la kutafakari. Kitenzi "okulonda" kina maana ya kuokota kitu chini, na pia maana ya kuchagua na kumchagua kiongozi. Kwa Baganda kuokota na kupiga kura ni neno moja. Kwa hiyo walipoambiwa kwamba walichokiokota sicho kilichotangazwa, wengine waliamua kuchukua bunduki. Tarehe 6 Februari 1981 kikundi cha Yoweri Museveni kilishambulia shule ya jeshi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza. Vilienea Luwero, kaskazini mwa Kampala, na serikali ikaanza kuwatafuta waasi mjini.

Namna ya kuwatafuta ilikuwa hii. Askari waliuzingira mtaa, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, wakati watu wanatoka kwenda kazini au bado wamelala. Njia zilifungwa. Watu walitolewa nje, wakaketishwa chini, wakatakiwa kuonyesha vitambulisho au stakabadhi za kodi. Asiyekuwa na karatasi alikuwa mashakani. Aliyekuwa na karatasi lakini ametoka wilaya iliyoshukiwa alikuwa mashakani vilevile. Mara nyingine mtoa habari aliletwa kuwatazama na kuwaonyesha kwa kidole. Waliochaguliwa waliambiwa maneno mawili, nao wakapanda lori. Lori liliwapeleka kambini. Wengine waliachiwa baada ya siku chache, wengine baada ya ndugu zao kutoa fedha. Wengine walifungwa bila kushtakiwa, kwa kuwa sheria ya usalama wa umma ya mwaka 1967 iliruhusu kumzuia mtu bila kesi. Wengine hawakurudi.

Nakawa haikuwa mbali na mambo hayo. Luzira, ambako ndiko gereza kuu la Uganda, imo katika tarafa hii, na wafungwa wa kisiasa wasio na kesi walizuiwa humo. Kambi ya Mbuya imo katika tarafa hii. Barabara ambayo utingo aliitia abiria ilikuwa barabara ile ile ya malori ya jeshi. Mwanamke mwenye meza ya nyanya sokoni angeweza kuyasikia maneno yale yale mara mbili kwa siku moja, mara ya kwanza yakimwita arudi nyumbani, mara ya pili yakimwondoa mtu asirudi nyumbani.

Serikali ya Obote ilipinduliwa tarehe 27 Julai 1985, na tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Museveni likaiteka Kampala. Mwaka huo huo iliundwa tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu mwaka 1962, chini ya Jaji Arthur Oder. Ilisikiliza mashahidi katika sehemu nyingi za nchi na ikatoa ripoti yake mwaka 1994.

Lawama kwa lugha

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Waganda wengi walishtuka kila waliposikia Kiswahili. Wakakiita lugha ya askari, lugha ya wezi, lugha ya watu wasio na adabu. Wazazi wengi waliwakataza watoto wao kukizungumza nyumbani. Mwalimu wa Kiswahili Uganda hupambana na kumbukumbu hiyo kabla hajafika kwenye ngeli.

Je, lawama hiyo ni ya haki? Wapo wanaojibu haraka kwamba lugha haina kosa, na kwamba aliyetenda ni mtu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Waliokamatwa hawakukutana na sarufi. Walikutana na sauti fulani ikisema maneno fulani, na maneno hayo yakakaa masikioni. Mwenye jeraha hana wajibu wa kumpongeza fundi aliyetengeneza kisu.

Upande wa pili pia haufai kupuuzwa. Wale majirani wa Nakawa waliogombana na kupatana kwa Kiswahili kwenye bomba la maji nao walikuwa Waganda na watu wa Afrika Mashariki. Serikali ya Obote ilipowafukuza wafanyakazi wengi wa Kenya mwaka 1970, familia zilizoondoka katika mitaa ile ziliacha nyuma watu waliowaaga kwa Kiswahili. Nyumba zenyewe zilibomolewa mwaka 2011. Wafanyabiashara wanaopokea bidhaa kutoka Busia na Malaba bado hutaja bei kwa lugha hiyo. Tukisema Kiswahili ni lugha ya lori tu, tunafuta historia ya watu hao, ambao hawakumkamata mtu.

Kinachoonekana katika historia hii ni kwamba tatizo halikuwa kuwepo kwa Kiswahili. Tatizo lilikuwa kwamba wengi walikijua upande mmoja tu. Raia aliyepokea amri hakuwa na Kiswahili cha kuuliza. Alielewa "panda", lakini hakuwa na maneno ya kusema: Unanipeleka wapi? Nimekosa nini? Mwandikie mke wangu jina la kambi. Askari naye, aliyeokota Kiswahili chake kambini, pengine alikuwa na amri nyingi na maelezo machache. Kati ya watu hao wawili lugha ilikwenda upande mmoja, kama lori lenyewe.

Lugha anayoielewa

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitungwa na watu walioyakumbuka mambo haya. Ibara ya 23 inasema kwamba mtu anayekamatwa azuiwe mahali panaporuhusiwa na sheria. Aelezwe mara moja, katika lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake na haki yake ya kupata wakili. Asipoachiwa, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ukiisoma ibara hiyo ukiwa umesimama Nakawa, utaona kwamba kila kipengele chake ni jibu kwa panda gari. Lori lilikwenda mahali pasipojulikana, maneno yalikuwa mawili tu, na siku hazikuhesabiwa.

Sheria iliyoandikwa haijizuii kuvunjwa. Katika kipindi cha uchaguzi wa mwaka 2021 watu wengi, hasa wafuasi wa upinzani, walichukuliwa na mabasi madogo yasiyo na namba za usajili. Ni magari ya aina ile ile inayobeba abiria kwenye barabara ya Jinja kila siku. Wananchi waliyapa jina la "drone". Mwezi Machi mwaka huo waziri wa mambo ya ndani aliwasilisha bungeni orodha ya watu waliokuwa wakishikiliwa. Vijana ambao hawakuwahi kuyasikia maneno panda gari wakaelewa kwa nini wazee wao hunyamaza gari lisilo na namba likipunguza mwendo.

Kwa upande wa lugha, mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Safari hii lugha inapita darasani, mahali ilipofungiwa mlango miaka ya 1920. Wasichana wataisoma sawa na wavulana. Lile pengo lililoonekana mwaka 1972 kati ya wanaume na wanawake linaweza kuzibwa, na askari na raia wanaweza kuwa na Kiswahili kilicho sawa.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa Uganda anapofundisha kitenzi panda asiikwepe historia yake. Afundishe panda ya mlima, panda ya mbegu na panda ya bei. Afundishe tofauti ya panda na pandeni. Kisha aeleze kwamba katika nchi hii maneno haya yaliwahi kuwa na maana isiyo katika kamusi yoyote, na awaruhusu wanafunzi waende nyumbani kuwauliza bibi na babu zao. Wengine watajibiwa, wengine wataambiwa wasiulize. Na somo litakalofuata liwe la maswali: nani, wapi, kwa nini, kwa amri ya nani, hadi lini. Hayo ndiyo maneno ambayo mtu aliyesimama mbele ya lori mwaka 1982 alikuwa na haki ya kuyatamka, na ambayo raia yeyote wa Nakawa anapaswa kuweza kuyatamka leo bila kigugumizi.